Nani Ametumwa Leo?



Kipupwe kimekwisha kutufikia. Sisi tukaao nyanda za juu za Njombe hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukaa mabondeni mpaka jua limepanda. Asubuhi nyingine nyasi huonekana nyeupe kwa sakitu, na majani ya viazi huwa yamebabuka kana kwamba yamepitiwa na moto. Ndugu zetu wa Tanga na Unguja wakisikia kwamba mwezi wa Julai twaingia kanisani tumevaa makoti na kujitanda mablanketi, hudhani twatia chumvi.

Siku za majira haya zafanana. Alfajiri mtu mmoja huamka kuchochea moto. Maji huletwa, uji wa ulezi hupikwa, watoto hunawa uso upesi upesi na kukimbilia jikoni. Mmoja hupelekwa dukani kununua chumvi na kiberiti; mwingine hubeba debe la mahindi kwenda mashineni; mwingine hufuata kuni kwenye miwati. Mchana twala viazi vya kuchemsha na maharage, au kande zilizobaki jana. Jioni ni ugali na mboga, kisha kuota moto, kusali na kulala. Jirani akituuliza habari za kutwa, twajibu: njema, hakuna jipya.

Katika makala haya twataka kuitazama siku hiyo isiyo na jipya. Je, ina thamani gani mbele za Mungu? Au ni siku ya kupita tu, tukingoja Jumapili ambayo ndiyo ya Bwana?

Jibu la kwanza ni rahisi, nasi twalijua tangu mafundisho ya Kipaimara. Mwinjili Luka atuambia kwamba Bwana wetu alipoanza kuhubiri alikuwa amepata umri wa miaka kama thelathini. Miaka ile yote ya kwanza, karibu yote ilipita Nazareti, katika kijiji na nyumba ya fundi, palipokuwa na maji ya kuchota, moto wa kuwasha na chakula cha kawaida. Wainjili wameandika machache mno juu yake, labda kwa sababu hakukuwa na jipya. Ikiwa Mwana wa Mungu alikubali kuishi siku nyingi hivyo za namna hii, hatuwezi kusema kwamba siku hizo ni tupu.

Jibu hilo ni la kweli, lakini tukikomea hapo tutakuwa tumejifariji upesi mno. Maana siku ya kawaida haijileti yenyewe. Chumvi haikutoka dukani kwa miguu yake, wala kuni hazikujibeba. Siku ikipita kwa amani hata bwana wa nyumba akasema "hakuna jipya", ni kwa sababu kuna mtu aliyekwenda na kurudi, tena mara nyingi, katika baridi. Basi kabla ya kuisifu siku hiyo yatupasa kuuliza swali la pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya: nani ametumwa leo?

Hebu tulitazame neno lenyewe. Lugha yetu ya Kiswahili ina hazina ambayo pengine twaikanyaga bila kuiona. Kutokana na neno moja, kutuma, twapata mtume, naye ni mtu mkubwa kabisa katika Kanisa. Kutokana na neno hilo hilo twapata mtumwa, naye ni mtu aliyedhulumiwa kuliko wote. Tena kutokana na shina hilo hilo twapata mtumishi, aliye katikati yao, ambaye aweza kuelekea upande huu au ule. Mtume ametumwa. Mtumwa naye ametumwa. Wote wawili huenda mahali wasipojichagulia, kufanya jambo ambalo halikuanzia kwao. Miguu yao yachoka sawasawa, na baridi yawachoma sawasawa. Tofauti yao ni nini, basi?

Kanisa letu katika nchi hii halina budi kulijibu swali hilo, maana lenyewe limezaliwa ndani yake. Kanisa Kuu la Kristo kule Mkunazini, Unguja, limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Miongoni mwa watoto waliookolewa katika biashara ile na kulelewa na Misheni alikuwa Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 alipewa daraja la upadre, akawa padre wa kwanza Mwafrika katika Misheni yetu, akafanya kazi Chitangali upande wa kusini. Mtu aliyechukuliwa utotoni kuwa mtumwa alirudi bara akiwa ametumwa kwa namna nyingine. Neno lilikuwa moja, lakini maisha hayakuwa yale yale. Wale waliomkamata walimhesabu kama mzigo wenye bei. Kanisa lililomtuma lilimhesabu kama ndugu, likamwekea mikono na kumwombea.

Kumbe tofauti haiko katika kazi yenyewe, wala katika urefu wa njia. Iko kwa yule anayetuma: anamwonaje anayemtuma, anampokeaje akirudi, na je, yeye mwenyewe hutumika?

Mtakatifu Paulo ni mwalimu mwema katika jambo hili, na inapendeza kwamba mara mbili twamkuta akisumbuliwa na baridi kama sisi. Mara ya kwanza ni katika sura ya 28 ya Matendo ya Mitume. Merikebu imevunjika, na watu wote 276 wameokoka na kufika kisiwa cha Melita, ambacho leo twakiita Malta. Mvua yanyesha, baridi ni kali, na wenyeji wasiowajua kabisa wanawawashia moto. Paulo alikuwa na sababu nyingi za kuketi. Alikuwa mfungwa, amechoka, tena ni yeye aliyewatia moyo wenzake baharini. Lakini Luka asema kwamba aliokota mzigo wa kuni akauweka motoni, na ndipo nyoka alipotoka humo. Watu wengi humkumbuka yule nyoka; sisi twapenda tuzikumbuke zile kuni. Mtume wa Mataifa, mtu ambaye nyaraka zake zasomwa madhabahuni, hakuona kwamba kuokota kuni si kazi ya cheo chake.

Mara ya pili ni mwishoni mwa Waraka wa Pili kwa Timotheo. Hapo Paulo anatuma. Amwomba Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, na ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kumtuma mwenzako ni dhambi. Mtu aliye kifungoni hana njia nyingine ya kulipata joho lake. Lakini tazama jinsi anavyotuma: amtuma mtu amwitaye mwana wake mpendwa, amweleza mahali kitu kilipo na kwa nani, na afikiri majira ya safari. Katika Waraka kwa Filemoni afanya jambo kubwa zaidi. Amrudisha Onesimo, mtumwa, kwa bwana wake, na kumtaka bwana huyo ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe, si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa. Hapo maneno yetu mawili yakutana katika waraka mmoja mfupi: mtume anasimama badala ya mtumwa.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Twaweza kuyageuza hayo kuwa maswali machache ya kujipima.

La kwanza: je, anayetumwa ni yule yule siku zote? Katika nyumba nyingi ukiangalia vizuri utaona kwamba kuna mtu mmoja ambaye jina lake huitwa mara ishirini kwa siku. Pengine ni mtoto wa kike wa katikati. Pengine ni mtoto wa ndugu aliyefariki, aliyeletwa kulelewa pamoja na wengine. Watoto wa nyumba waota moto. Yeye ndiye afuatae kuni. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Mazoea tu ndiyo yaliyomchagua. Wazee wetu husema kwamba kuni zilizo juu ya uchaga huzicheka zile zilizo motoni. Mtoto huyo ayajua maana ya methali hiyo kuliko sisi.

La pili: je, anayetuma aijua njia? Ni rahisi mtu aliyeketi karibu na mafiga kusema, "Nenda upesi, si mbali." Mtoto mwenye kandambili na gauni jepesi, saa kumi na mbili asubuhi, katika nyasi zenye sakitu, ana kipimo kingine cha umbali. Mtu mzima aliyekwenda mwenyewe juzi hatamtuma mtoto vile vile leo. Atamwambia angoje jua, au atampa sweta lake.

La tatu: je, hupokewaje akirudi? Wahenga walisema mjumbe hauawi, nao walikuwa wakisema juu ya habari za vita. Lakini kuna kuua kudogo kudogo kwa kila siku: mtu arudi, mzigo wapokelewa, yeye mwenyewe hapokelewi. Chumvi ikiwa pungufu agombezwa. Ikiwa kamili hakuna neno. Chakula kikiisha kupakuliwa, yeye aambiwa akwangue ukoko. Lakini neno "ahsante, mwanangu, karibu motoni" halina gharama.

Bwana wetu ametuonyesha namna ya kumpokea mtu atokaye kazini. Yohana asimulia moto wa makaa mara mbili. Mara ya kwanza, katika sura ya 18, ni usiku wa baridi uani kwa Kuhani Mkuu. Watumishi wamewasha moto, na Petro asimama akiota pamoja nao huku akimkana Bwana. Mara ya pili, katika sura ya 21, ni alfajiri kando ya ziwa. Wanafunzi wamekesha majini, na wakishuka pwani wakuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, samaki juu yake, na mkate. Aliyefufuka katika wafu ndiye aliyekoka moto. Tena hakuwaambia kwamba chake chatosha. Aliwataka walete na samaki waliowavua wao, ili kazi ya mikono yao nayo iwe na mahali katika chakula kile. Hicho kilikuwa chakula cha kawaida kabisa cha wavuvi. Twafikiri kwamba kila mama ampaye mtoto kikombe cha uji anapofika na debe la maji afanya jambo la namna hiyo hiyo.

La nne, na ndilo gumu zaidi: je, mwenye kutuma naye hutumika? Kuna wakubwa katika nyumba, na hata katika Kanisa, ambao tangu walipopata cheo hawakubeba kitu tena. Mfano wa Paulo na kuni zake hauwaachi salama. Baba aendaye mwenyewe mashineni mara moja kwa mwezi hapunguziwi heshima. Azidishiwa, na watoto wake hujifunza kwamba kwenda si adhabu ya wanyonge.

Twajua kwamba wako wazee watakaotujibu hivi: "Sisi tulitumwa tangu utoto, mbali kuliko hawa wa leo, na hatukufa. Kutumwa ndiko kulikotulea." Hatulipuuzi jibu hilo, lina ukweli mwingi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto asiyetumwa kamwe huwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Hajui bei ya chumvi, hajui kisima, hajui kumwamkia jirani. Mwenda dukani hujifunza hesabu. Apelekaye mboga kwa bibi hujifunza udugu. Kumnyima mtoto hayo kwa kudhani kwamba twamhurumia ni kumpunja.

Lakini wazee wale wale, tukiwauliza zaidi, hukumbuka jambo la pili. Hukumbuka kwamba waliporudi walipewa sehemu yao, na kwamba shangazi aliwangojea mlangoni. Hukumbuka pia kwamba mwenzao fulani aliyetumwa bila kupewa hayo alikua na uchungu moyoni, akaondoka kijijini asirudi. Malezi si ule mwendo tu. Ni mwendo pamoja na mapokezi. Ukiyaondoa mapokezi, kilichobaki ni utumwa, hata kama anayetumwa ni mtoto wako wa kuzaa.

Jambo hili halikomi katika nyumba zetu. Sote twajua kwamba wasichana wengi wa mikoa yetu ya Iringa na Njombe hupelekwa Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za nyumbani. Siku za kawaida za watu wengi huko mjini, chai yao ya asubuhi, nguo zao safi na watoto wao waliokogeshwa, zabebwa na mikono iliyozaliwa katika mitaa yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi tu. Lakini sheria haiwezi kuingia jikoni usiku kuangalia msichana alala wapi, na alikula nini, na kama alilipwa. Mzazi anayemtoa binti yake kwa mtu aliyekuja na gari na maneno matamu, bila kuuliza jina la mtaa wala la Kanisa la nyumba ile, naye yampasa ajipime kwa swali letu: namtuma kama Paulo alivyomtuma Onesimo, na neno la kumkinga, au nampeleka tu? Na aliye na binti wa watu nyumbani kwake ajiulize kama yumo katika sala za jioni za nyumba hiyo, au yuko nyuma akiosha vyombo wakati wengine wakimshukuru Mungu kwa chakula alichokipika yeye.

Tena tusiwasahau wasio na mtu wa kumtuma. Katika kila mtaa yuko bibi au babu akaaye peke yake, ambaye watoto wake wako mbali. Kwake siku ya baridi si siku ya kawaida hata kidogo. Kuni tatu kwake ni mali. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, amchukulia mtu asiye na nguo wala riziki ya siku ile, na mwingine amwagaye kwa maneno mema tu, akamtakia joto na shibe bila kumpa kitu. Yakobo auliza faida ya maneno hayo. Kwetu swali hilo latakiwa kujibiwa kwa kuni na viazi.

Tuonapo nafasi hii twataka pia kutoa onyo. Wakati wa baridi watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulegea na kusinzia, na pengine haamki tena. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Mkimtembelea mzee usiku, angalieni jiko lake liko wapi. Hilo nalo ni kutumwa na Bwana.

Tumalizie mahali ambapo sote twakutana. Neno Misa, wataalamu watuambia, latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuruhusu au kutuma. Mwisho wa ibada watu waliagwa wakatumwa kwenda. Ibada yetu kubwa, basi, imepata jina lake kutokana na sehemu yake ya mwisho, pale Padre anapotuambia twende kwa amani. Jumapili tunatumwa. Jumatatu, katika ukungu, tunafika tulikotumwa: bombani, mashineni, dukani, kwa bibi jirani. Hata mkate na divai vilivyoletwa madhabahuni vililetwa na mtu. Kuna aliyelima ngano, aliyesaga, aliyewasha moto, aliyebeba. Bwana hakudharau safari hizo zote. Alizipokea mkononi mwake, akazishukuru.

Twashauri jambo dogo kwa nyumba zote za mtaa wetu katika majira haya. Jioni, kabla ya sala, baba au mama aulize kwa sauti: nani ametumwa leo? Watajwe kwa majina, walioleta maji, walioleta kuni, waliokwenda dukani. Waombewe, na washukuriwe wakisikia. Kisha papangwe nani atakwenda kesho, na wakubwa nao wahesabiwe. Ikionekana kwamba jina moja latajwa kila jioni, nyumba hiyo itajua la kufanya.

Mungu Baba, aliyemtuma Mwanawe kwetu katika umaskini na baridi ya dunia hii, atujalie kutuma kwa upendo na kutumwa kwa furaha, asiwepo kati yetu mtumwa hata mmoja. Amina.